Tatizo Moja kwa Kila Safari

Siku ile mpumbavu alikuwa Lorne, wala mwenyewe hakatai. Ndani ya basi la jiji la Winnipeg, Januari ya theluji, baridi ya kukata masikio, mama wa makamo aliyekaa mbele yake alifungua dirisha. Lorne akalifunga kwa kishindo. "Dada, utatuua!"

"Mwili unawaka, kaka! Hedhi imekoma, ikaondoka na usingizi. Na kliniki wamebandika tangazo: tatizo moja kila ukija. Nikapeleka joto, nikaambiwa ninunue feni. Nikapeleka usingizi, nikapewa vidonge vya kulalia. Leo nataka homoni, na sitoki mpaka daktari ayasikie yote kwa pamoja!"

"Homoni za nini?" Lorne akajitia mganga. "Mama yangu alipitia hayohayo, wala hakulalamika."

"Hakulalamika, au wewe hukumuuliza?"