Mzee Agustino Bura Sulle na Jumamosi Alizokuja Kuchunguza

Mzee Agustino Bura Sulle alizaliwa tarehe 14 Agosti 1949 huko Dongobesh, wilayani Mbulu, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Bura Sulle na marehemu Kornelia. Alibatizwa akiwa na miaka minane, na inasemekana alimuuliza padri maji yale yametoka kisima kipi.

Alisoma hadi darasa la nne, mwaka 1959 hadi 1962, akaacha ili achunge mifugo ya baba yake. Mwaka 1970 alianza biashara ya ng'ombe minadani, akaifanya kwa zaidi ya miaka thelathini. Kazi hiyo ilimfundisha kutomwamini mtu upesi. Mwaka 1987 alinunua madume upande wa Getanuwas, wilayani Hanang. Kabla hajafika nyumbani wenyewe wakatokea. Kumbe yalikuwa ya wizi. Akanyang'anywa yote, na aliyemuuzia hakuonekana tena. Marehemu akaapa kutotia mdomoni hata maji ya upande ule.

Alifunga ndoa takatifu na Verediana tarehe 21 Septemba 1974. Mama anasimulia kwamba wakati wa uchumba marehemu alimuuliza mara tatu kwa nini amemkubali, aone kama jibu litabadilika. "Nilimjibu tofauti kila mara, makusudi," anasema mama, "ili arudi tena."

Mwaka 2021 mwalimu mmoja, binti aitwaye Severine, alianzisha Jumamosi ya Vijana katika ukumbi wa kata. Watoto walijifunza kuchora, maigizo, midahalo, mpira wa wavu, hata kufungua redio mbovu na kuzitengeneza. Yote bure. Neno hilo ndilo lililomshtua mzee. Mjukuu wake Irene alipojiunga, mzee alibeba kigoda chake akaenda kukaa mlangoni.

"Shikamoo babu," Severine alimsalimu. "Karibu ndani."

"Marahaba. Nani anakulipa?"

"Hakuna, babu. Najitolea."

"Basi nitakaa."

Alikaa karibu mwaka mzima. Alionja uji wa watoto kabla hawajanywa. Kila mgeni aliyefika alimhoji mpaka akatokwa jasho. Siku moja kwenye mdahalo alisikia hoja dhaifu, akashindwa kujizuia, akasimama kuipinga, ingawa hakuwa upande wowote.

Julai 2022 ikatangazwa safari: vijana wa Dongobesh wangekwenda Getanuwas kukaa Jumamosi na Jumapili na vijana wa familia za wafugaji. Mzee alikataa katakata. Irene akalia.

"Babu, unaogopa nini?"

"Siogopi. Nakumbuka."

Mwishowe Irene aliruhusiwa, kwa sharti kwamba babu naye aende. Alipanda gari na chupa yake ya chai na dumu lake la maji.

Huko alimkuta mzee mwingine ameegemea ukuta wa darasa, fimbo mapajani. Alikuwa Mzee Gwandu, mfugaji. Hakuna aliyetoa shikamoo, kwa sababu hakuna aliyekubali kuwa ndiye mdogo.

"Umefuata nini huku?" Mzee Gwandu aliuliza.

"Nawaangalia watoto. Na wewe?"

"Nakuangalia wewe. Watu wa mlimani mnakuja kukaa na wajukuu zetu bure. Bure ya nini?"

Marehemu alisema baadaye kwamba hapo ndipo alipotambua kuwa yule mtu ana akili.

Jumapili asubuhi Irene hakuonekana. Mzee alisimama mbele ya watu wote akamnyooshea Mzee Gwandu kidole. "Mjukuu wangu mmempeleka wapi?"

"Hata mjukuu wangu Lucia haonekani," Mzee Gwandu alijibu. "Ninyi mmemfanya nini?"

Walitoka kuwatafuta pamoja, bega kwa bega, maana hakuna aliyetaka kumpa mwenzake mgongo. Waliwakuta mabinti wale wawili kando ya lambo, wamekaa na karatasi mapajani wakichora ndege aina ya korongo waliotua majini, na Severine nyuma yao. Walikuwa wameaga. Wazee hawakujua, kwa kuwa hawakumwamini mtu wa kumuuliza.

"Babu, msisogee," Irene alinong'ona bila kugeuka. "Mtawafukuza."

Wakaketi palepale nyasini. Baada ya muda Mzee Gwandu alimsogezea kibuyu cha maziwa. Mzee alinusa, akachungulia ndani, akauliza ni ya ng'ombe yupi. Kisha akanywa. Hakuomba radhi kwa maneno, na Mzee Gwandu hakuyadai.

Tangu hapo, vijana wa pande hizi mbili walipokutana, wazee hao walikaa pamoja wakiwachunguza watoto, walimu, na wenyewe kwa wenyewe.

Novemba 2024 marehemu alianza kusumbuliwa na kifua, na Februari alilazwa hospitalini Mbulu. Alikataa dawa mpaka Mzee Gwandu alipofika na kumuuliza muuguzi kila kidonge ni cha nini. Ndipo alipomeza. Alifariki Jumapili, tarehe 2 Machi 2025, asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Irene.

Ameacha mjane, Verediana. Watoto wanne, Sebastiani, Violeth, Onesphory na Juliana. Na wajukuu kumi na mmoja. Yupo pia Mzee Gwandu, aliyefika tangu jana na ameketi mbele pamoja na familia. Marehemu hakuwahi kumwita rafiki. Alimwita "yule wa Getanuwas", na mtu mwingine alipotaka kukaa karibu naye ukumbini, alimwambia pana mwenyewe.

Bwana akupe pumziko, mzee wetu.