Gari Jeupe Linalogonga Mara Tatu

Mgeni rasmi, Sir Muhanna, mwenye gereji hii, meneja wetu, mafundi wenzetu: assalamu alaykum, na Bwana Yesu asifiwe kwa walio upande wetu.

Sisi mafundi na wafanyakazi wako wa Dubai Investments Park tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Ninayesoma ni Martina wa stoo ya spea. Nimesukumiwa kazi hii kwa sababu wanaume hawa wanafungua gari zima bila woga, ila wakishikishwa kipaza sauti wanakimbilia chini ya gari.

TULIKOTOKA

Wengi wetu tulijifunza ufundi Mombasa, Tanga na Kampala, na tulikuja na utaratibu wetu. Difu, yaani lile kasha la gia kwenye ekseli ya nyuma, ikianza kulalamika, mmoja anaendesha na mwingine analala nyuma, sikio sakafuni, kusikiliza. Msikilizaji akigonga bodi mara moja, dereva anaendelea. Akigonga mara tatu, anasimama. Meneja huutania utaratibu huu, lakini haukuwahi kutuangusha mpaka mwaka huu.

TULIYOYAFANYA

Gari lako jeupe lililetwa likivuma. Fundi Joachim aliendesha, fundi Lukman akalala nyuma, wakaenda kujaribu fowili, yaani magurudumu yote manne kuvuta pamoja, mchangani. Upepo ukachafuka, kioo kikajaa vumbi, Joachim akasimama. Lukman alimwambia anashuka mara moja kuchungulia chini. Joachim alisubiri, akaingiza gia ili awe tayari, akasikia kugongwa mara moja. Akajua mwenzake amesharudi ndani, akaondoka. Alipofika lami, nyuma hapakuwa na mtu.

Ilikuwa difu. Tulipomwaga oili ilitoka na chembe za chuma, na jino la krauni, ile gia kubwa ya ndani, lilikuwa limevunjika. Kwa uchakavu ule, ukiingiza gia tu inagonga mara moja, kama mkono wa mtu. Tulibadilisha krauni, pinioni, gia ndogo inayoizungusha, na beringi zote, tukaipima fowili upya, na sasa gari halilii hata kidogo. Hayo ndiyo mafanikio yetu ya mwaka, na yanatuuma.

YANAYOTUSUMBUA

Polisi walitafuta kwa bidii, tunawashukuru. Lakini upepo ulikuwa umefuta alama za matairi, na Joachim hakuweza kuonyesha aliposimama. Walitafuta upande wa karibu na lami, wakamkosa.

Baada ya matengenezo Joachim alilipeleka gari mchangani peke yake. Karibu na mti mmoja wa ghafu ulioinama, kuna mtu aligonga nyuma mara tatu. Alisimama, akafungua mlango wa nyuma. Hapakuwa na mtu, ila sakafu ilikuwa na joto pale mtu anapolaza shavu.

Tulidhani ni majonzi, tukampa fundi mwenzetu Evans gari. Evans hasikii lolote, redio yake haizimwi. Kufika penye mti, bodi ikagongwa mara tatu. Tukaifungua tena difu, nzima. Tukavua propela ya nyuma, ile shafti inayozungusha difu, gari likavutwa na magurudumu ya mbele peke yake. Mahali ni pale pale, mara tatu. Maan, fundi ambaye hucheka kila kitu, ndiye aliyeliendesha, akarudi akaomba ahamishiwe upande wa rangi. Sir, tunaogopa, wala hatuoni haya kulisema.

Meneja anasema ni uchovu. Labda. Lakini wote tumechoka, na hakuna gari jingine linalotugongea.

TUNACHOKUOMBA

Tumesikia kwamba kesho gari linapelekwa Jebel Ali kupakiwa melini. Tunakusihi lisiondoke. Panda nalo leo, mchana huu, Joachim akuendeshe. Likigonga, shuka, uwapigie simu wale wakubwa wa polisi wanaokusikiliza, waje wachimbe penye mti ule. Sisi tukisema tunaambiwa khalas, kazi ya kutafuta imekwisha.

Hatuombi nyongeza wala likizo. Lukman ana mke Mombasa, anaitwa Afrah. Kila Ijumaa anapiga simu ya ofisi, nasi tunarushiana mkono wa simu hadi unanifikia mimi. Haulizi mengi. Anauliza tu, "Dada Martina, nikae eda, au nimsubiri?"

Leo ni Ijumaa. Sir, tunakuomba simu hiyo uipokee wewe.

Mwenyezi Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na kila aliye njiani amfikishe kwa watu wake.

Ni sisi watumishi wako,
Mafundi na Wafanyakazi wa Gereji, pamoja na Lukman.