Upatu wa Sultani

Kaeni hapo mlangoni, wanangu, mnisikie, wala asiniguse mtu. Kulup, wewe ndiye mkubwa, acha kunipepea, rudi ukae na mdogo wako Uda.

Najua mjumbe wa Sultani yuko uani anangoja kuambiwa nani kati yenu atarithi upatu, ile sahani ya shaba aliyokuwa akiigonga marehemu baba yenu kuutangazia mji habari za ikulu. Najua pia shamba la mpunga huenda na upatu, na Kulup una watoto wa kulisha. Lakini mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na katika mji huu jambo hupangwa ikulu. Habari si habari mpaka upatu ulie, anayetangulia kuisema hukatwa ulimi, na mpigaji mwenyewe huapishwa asiiambie nyumba yake neno ambalo mji haujaambiwa.

Mwaka ule watu wa chini ya mto walipokuwa wakifa kwa kuhara, baba yenu alitumwa atangaze kwamba hakuna ugonjwa, soko liko wazi, maana Sultani alitaka ushuru wake. Dada yenu Melur alikuwa na duriani za kuuza. Akamuuliza, "Baba, kweli hakuna ugonjwa?" Akamjibu, "Si umeusikia upatu, mwanangu?" Melur akacheka, "Haya, nikifa nitakudai," akajitwika kapu lake akaenda. Alirudi amebebwa. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nami sikumsamehe baba yenu hata alipokufa. Leo namsamehe, nanyi msameheni, kiapo kilimfunga.

Sasa ugonjwa ule umerudi, ndio huu unaoniua, na mjumbe anataka mmoja wenu akatangaze kwamba mjane wa mpiga upatu amekufa kwa uzee. Mrudishieni Sultani upatu wake, na shamba alichukue. Usigune, Uda. Njaa mtaihangaikia, kaburi halihangaikiwi.

Nikikata roho, piteni nyumba kwa nyumba, mseme kwa vinywa vyenu: mama yetu amekufa kwa kuhara, msije mazikoni, msiende sokoni. Mtatishwa. Nendeni pamoja, mmoja asimwache mwenzake...

Radhi zangu mnazo, wanangu. Mungu awahifadhi, nyinyi na... na watoto wenu. Maji, hapana, usije. Kaa hapo hapo.

Kulup. Nenda kamjibu yule mtu sasa hivi... ningali nasikia.