Kaka Yetu, Kocha wa Sharti Moja

Kaka yetu alizaliwa tarehe 3 Machi 1961, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa marehemu baba yetu, fundi seremala, na marehemu mama yetu, mkunga.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1978. Huko shuleni mwalimu wa michezo alipigilia ringi ya baiskeli ukutani iwe goli la kikapu, akawapanga wanafunzi kwa kimo. Kaka akawa wa mwisho, akapewa kazi ya kuokota mipira. Aliokota mwaka mzima, na kwa kuokota akajua kila mmoja hukosea wapi. Mwaka uliofuata wale warefu wakawa wanamfuata wenyewe kumuuliza.

Mwaka 1980 aliajiriwa na kiwanda cha rangi, fundi wa mashine za kuchanganyia. Aliichezea timu ya kikapu ya kiwanda, na mwaka 1994, wachezaji walipoanza kulipwa mishahara, akafanywa kocha. Kila aliyeng'ara alitafutwa na ligi za ng'ambo zenye malipo makubwa zaidi. Makocha wengine walizikalia barua za kuwaruhusu. Yeye aliwaachia, wapinzani wakambandika jina la Uwanja wa Ndege. Alijibu, "Heri uwanja wa ndege kuliko kituo cha polisi."

Sharti lake lilikuwa moja. Hakusaini barua ya kumwachia mchezaji mpaka mchezaji huyo amfundishe atakayeshika nafasi yake, na mwanafunzi ampokonye mwalimu wake mpira mara tatu mbele ya timu nzima. Waliondoka kumi na tisa, na timu haikushuka daraja hata mara moja.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na mshonaji wa jezi za timu. Alikuwa amemrudia dukani mara nne kulalamika kwamba namba saba imepinda. Mara ya nne shemeji akamwambia, "Kama unakuja kuniona, sema. Usiisingizie saba." Walijaliwa mabinti wawili.

Januari 2025 aligundulika kuwa na saratani ya ini, na Julai akalazwa. Wakati huohuo mpwa wake, mchezaji wake wa ishirini kutafutwa, alipata mkataba ng'ambo. Klabu ya huko iliitaka barua kabla ya Ijumaa, tarehe 1 Agosti. Dada wa marehemu, mama wa kijana, ndiye anayesoma wasifu huu. Alimpelekea karatasi na kalamu wodini.

"Kaka, saini tu. Huyu ni damu yako."

"Ndiyo maana sisaini. Wale kumi na tisa nitawatazamaje?"

"Na ukitangulia kabla ya Ijumaa?"

"Basi mwambie mwanao afundishe upesi."

Jumatano, tarehe 30 Julai, kwa ruhusa ya daktari, alipelekwa uwanjani kwa kiti cha magurudumu. Mpwa alipopokonywa mpira na mwanafunzi wake mara ya kwanza, Kaka akainua mkono. "Hiyo haihesabiki. Kauachia. Mama yake kamfunda." Timu ikacheka, na dada akainamisha kichwa, maana ni kweli alikuwa amemfunda. Wakacheza karibu saa nzima. Mara ya tatu ya haki mpwa alikalishwa chini kwa makalio. Kaka akasaini barua juu ya goti lake, kisha akamwambia, "Ukisikia nimekwenda, usirudi. Hapa wa kunizika ni wengi. Huko nafasi yako ni moja."

Kijana alisafiri Jumapili, tarehe 3 Agosti. Kaka alifariki Jumatano, tarehe 13, saa mbili asubuhi, mkewe na dada yake wakiwa kando ya kitanda.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, dada mmoja, wadogo zake wawili wa kiume, na wachezaji wake walioko hapa na walioko mbali. Mpwa wake hayupo hapa makaburini. Jana alipiga simu akitaka kukata tiketi ya kurudi, na mama yake, ambaye kwa kawaida haishiwi na wasiwasi, alimwambia abaki. Leo jioni anacheza mechi yake ya kwanza. Nafasi aliyoiacha kwenye timu yetu ina mwenyewe, ndiye yule kijana mwenye jezi aliyesimama wa tatu kushoto mwa jeneza.

Kaka, pumzika kwa amani. Hujaacha pengo uwanjani. Nyumbani umeliacha, na hilo tutaishi nalo.