Safari Hii Shangazi Hapangi Foleni

Ijumaa, tarehe 30 Juni, mwenzetu tunayemwita Shangazi anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kusimama kwenye mlango wa kupandia ndege. Tunasema kusimama kwa sababu ndiyo kazi yenyewe. Viti vya pale ni vya abiria, na magoti yake yanalijua hilo.

Alianzia kwenye mizigo, akahamishiwa mlangoni kwa ajili ya sauti yake. Haikuhitaji kipaza sauti siku kipaza sauti kilipoharibika, yaani siku nyingi. Ndege zikichelewa alitukanwa yeye, utadhani ndiye rubani.

Utaratibu unasema mgonjwa anayetaka kupanda mapema aje mezani aombe. Siku moja kijana mwenye maradhi ya moyo aliomba, foleni ikamjia juu: "Mgonjwa gani huyu, mbona mzima kama sisi?" Kwa haya akarudi nyuma ya foleni, na kabla hajafika mlangoni akaanguka. Alipona, lakini Shangazi hakusahau.

Tangu hapo, kabla ya kutangaza, huzunguka mwenyewe kwenye viti, anainama na kuuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, utaweza kusimama?" Anayetikisa kichwa kwamba hawezi hupitishwa kwanza, bila kuulizwa anaumwa nini. Anayeguna kwenye foleni hupigwa jicho moja tu, akanyamaza.

Kuinama huko ndiko kulikommaliza. Mwaka jana daktari alimwambia apumzike, naye akaja kazini magoti yamefungwa bandeji. Tulichoka kumsihi akae. Kusema kweli, hata kumtazama kulichosha.

Jumamosi anasafiri kwenda kwa binti yake, akafanyiwe upasuaji wa goti. Tulimuuliza kama ameomba kupanda mapema. Akatujibu, "Niacheni, nitapanga foleni kama watu." Jibu hilo limetuuma. Aliyewatoa haya wagonjwa wote wa mlango ule anaona haya kujiombea mwenyewe.

Shangazi, asante kwa miguu yako na kwa sauti zako zote mbili. Goti lipone, ulale hadi uchoke kulala, na sasa wakusumbue wajukuu tu. Tunakuomba jambo moja. Jumamosi ukifika, kaa kwenye kiti. Mmoja wetu atakuja, atainama, atakuuliza swali lako. Tafadhali, tikisa kichwa.