Mwalimu wa Taya

Ndugu waombolezaji, mimi ni dada mdogo wa marehemu, familia imenituma nisome wasifu wake, nami nitasoma yote, hata yale wifi yangu aliyoniomba niyaruke.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Mei 1962, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi cherehani, akaanza shule mwaka 1969, akahitimu udaktari wa meno mwaka 1989, kisha akabobea katika upasuaji wa kinywa na taya.

Mwaka 1994 aliajiriwa kufundisha katika idara ya kinywa na taya ya hospitali, akawaonyesha wanafunzi kung'oa gego lililolala ndani ya fizi, kuunga taya lililovunjika kwa waya, na kupapasa shingo ya mgonjwa kabla ya kumwambia afungue kinywa, ila tuseme ukweli, kila ilipofika sehemu ngumu alinyoosha kiganja na kusema leta hapa, akachukua kisu, akamaliza mwenyewe, hadi wakamtungia jina, Daktari Leta Hapa, naye alicheka, akisema mgonjwa si wa kujifunzia.

Alifunga ndoa tarehe 2 Desemba 1995, akajaliwa mabinti wawili, aliowapenda mno.

Februari mwaka huu, akinyoa ndevu, alijipapasa akakuta uvimbe chini ya taya, akajua ni saratani kabla ya kipimo, na alipotafutwa wa kumpasua, jamani, watu walijikuna vichwa, maana madaktari wote wa idara walikuwa wanafunzi wake, wamemtazama akitoa uvimbe wa aina hiyo miaka nenda rudi, na hakuna aliyewahi kuufikisha upasuaji huo mwisho. Hospitali ya mbali ilimpa nafasi ya Agosti, lakini kufikia Juni hata maji yalikuwa hayapiti kooni, hivyo tarehe 3 wanafunzi wake walijitosa, wakafungua, wakafika kwenye mshipa mkubwa wa shingo, wakatazamana, wakashona.

Siku zilizobaki, sauti ikiwa imekwisha, aliwashika vidole mmoja mmoja, akavipitisha kwenye shingo yake, akiwafundisha, nao wakilia, hadi alipofariki tarehe 19 Juni.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani waliokesha nasi, na wafanyakazi wenzake. Nanyi wanafunzi wake mnaoangalia chini, hatuwalaumu, ila leo wodini yupo mama mwenye uvimbe kama ule, anauliza zamu yake lini, na hakuna aliyethubutu kumjibu.

Pumzika, kaka yangu, kwa amani ukiweza.