Bi Kamba na Nafasi Isiyorukwa

Ndugu, majirani, wanakwaya na nyote mliofika kutusindikizia dada yetu, nimepewa kazi ya kusoma maisha yake kwa sababu ni mimi tu niliyebaki kati ya waliomjua kabla hajajua kufua. Watoto wake waliniomba ukurasa mmoja. Nimejaribu.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Bi Kamba, alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Machi 1948, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa wa kwanza kati yetu wawili. Baba alikuwa fundi wa injini za moshi, Mama alikuwa dobi aliyefulia watu nyumbani. Mama alisimulia kwamba uchungu ulimshika nguo zikiwa ndani ya beseni, na kwamba alimaliza kwanza kuzisuuza, maana mtoto angeweza kungoja kidogo lakini povu halingoji.

Hapa lazima nieleze jinsi Mama alivyoanika, la sivyo mengine hayataeleweka. Alianza na nguo za mkubwa kwenye kamba, karibu na nguzo, wakafuata wengine kwa umri, mpaka mdogo. Kila alipobana nguo kwa kibanio alimtaja mwenyewe kwa jina na kumwombea neno moja tu. Kwa ovaroli ya Baba alisema, "Mikono yake," maana Baba alishika vyuma vya moto. Kwa gauni la Dada alisema, "Mdomo wake." Mliomjua mnaelewa. Kwa shati langu alisema, "Kifua chake," kwa kuwa nilikohoa sana. Nguo za wateja nazo zilitajwa hivyo hivyo. Sisi hatukujua kwamba ile ni sala. Tulidhani ndivyo nguo zinavyoanikwa.

Marehemu alianza shule ya msingi ya misheni Januari 1956, mwendo wa dakika arobaini kwa miguu, ishirini na tano ukiwa umechelewa. Wiki ya kwanza Mwalimu alimpa vitambaa vya kufutia ubao akavianike. Akasimama navyo mkononi, maji yanamchuruzika mpaka miguuni.

"Mbona huaniki?"

"Sijaambiwa ni vya nani, Mwalimu."

"Vya shule!"

"Shule anaitwa nani?"

Alifagia uwanja siku mbili kwa kiburi ambacho hakuwa nacho. Alimaliza darasa la nane mwaka 1963, akiwa wa tatu kati ya wasichana. Lakini tarehe 2 Februari 1964 Baba alifariki kwa ajali karakanani, na Dada akabaki nyumbani kumsaidia Mama. Hakuwahi kusema kwamba aliacha shule. Alisema shule ndiyo iliyomwacha, ikaenda zake.

Tarehe 1 Februari 1967 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, akafanya kazi hapo miaka thelathini na sita, mpaka alipostaafu Juni 2003. Chumba kile nilikifahamu. Kilikuwa na sakafu ya saruji yenye mfereji katikati, madirisha ya juu yasiyofunguka, na mashine tatu za mvuke, moja ikiwa mbovu tangu siku ilipofika. Shuka zilipigwa mhuri wa namba ya wodi kwenye pindo. Kwa kuwa hakuwajua waliozilalia, Dada aliomba kwa namba. "Wodi ya nne, wapate usingizi." "Wodi ya sita, homa ishuke." Wenzake walimcheka mwaka mzima. Mwaka wa pili wakaanza kumfuata kimya kimya, mmoja mmoja: "Bi Kamba, wodi ya sita umeshawataja leo? Shangazi yangu yuko huko."

Ile mashine mbovu ndiyo iliyomletea mume. Fundi wa mabomba wa hospitali aliitwa kuitengeneza, akaja na mfuko wa spana na maneno machache. Dada akamwambia mbele ya watu, "Fundi, hii ikizunguka nitakubali posa yako." Yule bwana hakuwa ametoa posa yoyote. Aliitengeneza kwa miezi tisa. Haikuzunguka, lakini walifunga ndoa kanisani tarehe 12 Desemba 1970. Shemeji alikuwa mtu mpole, na nilipokuwa nahangaika kutoka mji mmoja hadi mwingine nikitafuta kazi, mlango wake sikuukuta umefungwa hata mara moja. Nisipotee. Walijaliwa watoto watatu: wa kiume mwaka 1972, wa kike mwaka 1975, na kitinda mimba, wa kike pia, mwaka 1979.

Yule wa katikati tulimwita Kibanio. Alikuwa akijibana vibanio vya nguo kuzunguka pindo la gauni, anatembea vinagongana, nasi tunajua anakuja kabla hatujamwona. Juni 1983, akiwa na miaka minane, alipata homa ya uti wa mgongo. Alilazwa siku nne katika hospitali ile ile, wodi ya pili. Siku ya tatu shuka za wodi ya pili zilishuka kufuliwa kama kawaida. Msimamizi alimwambia Dada aende akakae na mwanawe. Baba wa mtoto alikuwa kando ya kitanda. Dada akasema atakwenda akishazianika. Alizianika zote, na kwa kila shuka alisema jina la mtoto. Si namba, jina. Kibanio alifariki kesho yake, tarehe 14 Juni, saa nne asubuhi.

Tangu siku hiyo Dada alianika bila kusema neno. Kanisani pia hakuingia tena. Nalisema hili kwa kuwa yeye mwenyewe aliniagiza nisilifiche: "Ukifika hapo usinipake chokaa." Hakumtukana Mungu. Alinyamaza tu, kama mtu aliyepiga hodi mpaka mkono ukamuuma. Kwa miaka kumi na moja aliendelea kufua majoho ya kwaya, kila Jumamosi, meupe kabisa, akayafikisha mlangoni na kugeuka. Mwalimu wa kwaya wa wakati ule alizoea kumtania.

"Bi Kamba, majoho yanaingia, mwenye kuyafua anabaki nje?"

"Majoho hayana maswali, Mwalimu."

Mama ndiye aliyeumia zaidi. Alikuwa amezika mume na mjukuu, na sasa aliona binti yake anakauka angali hai. Alikuwa na ombi moja tu, alilolisema wazi: asife kabla ya kumsikia Dada akiomba tena. Mwaka 1991 macho ya Mama yalipozibwa na mtoto wa jicho, alihamia kwa Dada. Aliambiwa apumzike. Akakataa, akawa anaanika kwa kupapasa, akiijua nguo ya kila mtu kwa mishono yake. Akafanya kosa, au Dada aliona ni kosa. Baada ya shati la mvulana aliacha nafasi ya mkono mmoja, akamtaja Kibanio, ndipo akabana gauni la kitinda mimba.

Wiki ya kwanza Dada alivumilia, na ya pili pia. Wiki ya tatu likamtoka.

"Mama, huyo hayupo! Hana nguo hapo!"

"Kwani nimesema nguo? Nimesema jina."

"Unamwombea nini aliyekwisha kufa?"

"Simwombei. Ninyi wengine nawaombea, yeye namshukuria. Miaka minane alitupigia vile vibanio vyake. Ulitaka nisiseme asante?"

Dada aliingia ndani, akafunga mlango. Mama akamaliza kuanika. Na nafasi ile haikurukwa hata wiki moja, miaka mitatu, wala Dada hakupinga tena.

Mama alifariki tarehe 4 Agosti 1994 bila kusikia alichoomba. Wiki moja baada ya mazishi, nguo za waombolezaji zilikuwa zimejaa mabeseni matatu. Nilikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, nikimpa Dada vibanio. Alianza na suruali ya Shemeji. Akabana gauni lake. Akabana shati langu. Akabana shati la mwanawe. Kisha mkono wake ukasogea wenyewe kwenye kamba, ukaacha ile nafasi, na mdomo wake, ule ule ulioombewa tangu utoto, ukasema jina la mtoto. Ukasema, "Asante." Akasimama. Maji ya nguo yakawa yanamdondokea miguuni kama siku ya vitambaa vya ubao. Baada ya muda akarudi mwanzo kabisa wa kamba, karibu na nguzo, penye nafasi ya mkubwa, akasema, "Mama. Asante." Kisha akarudia nguo zote, moja moja, akamwombea kila mtu neno lake.

Alipomaliza akaniambia, "Nenda kamwambie mwalimu wa kwaya, majoho ya kesho nitayaleta mwenyewe. Mpaka ndani."

Jumapili ile alikaa benchi la mwisho. Mwalimu wa kwaya alimfuata, macho yamemlowa, akataka kujua kama maswali yamejibiwa. Dada akasema, "Hayajajibiwa. Nimekuja nayo. Sogea kidogo tukae."

Hilo ndilo benchi alilokalia miaka karibu thelathini. Shemeji alipofariki tarehe 20 Januari 2010, niliogopa kwamba atanyamaza tena. Wiki ile ile alianika. Nilimuuliza kama sasa amemwelewa Mungu. Akasema, "Sijamwelewa. Ila namwamini. Hata mume wangu sikumwelewa, na tulikaa chumba kimoja miaka thelathini na tisa."

Septemba 2023 miguu ilianza kuvimba. Daktari alisema moyo umechoka. Alilazwa mara mbili, na mara zote mbili alikagua pindo la shuka kuona namba ya wodi yake, akasema kazi ya siku hizi haina usafi. Kuanzia Februari mwaka huu hakuweza kusimama muda mrefu. Kitanda chake kikasogezwa dirishani panapotazama uani, na kazi ya kuanika ikawa yangu. Alinisimamia kwa kugonga kioo na kijiko.

"We mzee! Soksi hazibanwi vidoleni!"

Siku moja mwezi wa nne kijiko kiligongwa mpaka nikadhani kioo kimepasuka.

"Umemruka mtoto!"

"Nguo yake iko wapi, Dada?"

"Kwani nimesema nguo?"

Hapo akajisikia mwenyewe. Alikuwa amesema maneno ya Mama, kwa sauti ya Mama. Alicheka mpaka akakohoa, na mimi nikacheka huko nje, nikafungua vibanio vyote nikaanza upya. Jioni aliniita. Akasema, "Nikiondoka usinitoe kwenye kamba. Wala usiniombee, Mama aliniombea ya kunitosha. Wewe shukuru tu." Nikamuuliza kama anaogopa. Akasema anaogopa kidogo, kama mtu anayekwenda kwa jamaa huku hajui nyumba yao ikoje ndani, ila anamjua mwenye nyumba.

Alifariki nyumbani, Ijumaa tarehe 17 Mei 2024, saa mbili na nusu asubuhi, akiwa na miaka sabini na sita. Kitinda mimba wake alikuwa amemshika mkono.

Juzi nilifua shuka zake nikazianika. Nafasi yake iko kabla ya yangu, maana mimi ndiye niliyemfuata. Niliiacha, nikasema nilichoagizwa. Nilimtaja kwa jina alilopewa na Mama, ambalo wengi hamlijui na leo nalibakiza kwetu.

Marehemu ameacha mdogo wake mmoja, mtoto wa kiume ambaye ni mwalimu wa ufundi, mtoto wa kike ambaye ni mkunga, mkwe mmoja wa kike na mmoja wa kiume, na wajukuu watano, wa mwisho akiwa na miezi saba. Nawaomba msimame nikiwataja, kwa mpangilio wake, mkubwa mpaka mdogo. Nitakapofika katikati ya wanawe wawili nitanyamaza kidogo. Msidhani nimesahau.

Mama, asante. Baba, asante. Shemeji, asante. Kibanio, asante.

Dada, asante. Nguo zako zimekauka. Pumzika.